HOFU SI HOJA: FUNZO LA SIASA YA KUUZUIA UKOMUNISTI

(Mada iliyotolewa msikitini katika darsa la baina ya Magharibi na Isha)

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila anayefuata uongofu wao hadi Siku ya Mwisho. Ama baad.



Usiku huu tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkajiuliza limeingiaje msikitini, nalo ni jinsi dola kubwa ya Marekani, kwa kuuhofia ukomunisti, ilivyojikuta ikipeleka vijana wake kuua na kuuawa katika nchi za mbali ambazo hazikuwa zimeishambulia. Tumelichagua kwa sababu Qur'ani inatuhimiza mara kwa mara tutembee katika ardhi na tuutazame mwisho wa waliotutangulia. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuihakikisha habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukabaki kuyajutia tuliyoyatenda. Tazameni mpangilio wa aya hiyo: habari, kisha madhara, kisha majuto. Historia tutakayoisimulia imepita katika hatua hizo hizo.

Chanzo cha hofu

Tuanze kwa uadilifu, kwani Suratul Maida, aya ya 8, inatukataza kuacha haki kwa sababu ya kuwachukia watu. Ukomunisti wa Kisovieti haukuwa kitu cha kusingiziwa. Uliipiga vita dini, ukafunga misikiti ya Asia ya Kati, na mwaka 1944 Stalin aliwahamisha kwa nguvu Wachechen, Waingush na Watatari wa Crimea, mataifa ya Waislamu, wakafa kwa maelfu njiani na uhamishoni. Kwa hiyo hatusemi kwamba Marekani iliogopa kivuli. Swali letu ni hili: mtu akishaogopa jambo la kweli, je, kila atakalolitenda kwa hofu hiyo litakuwa la haki?

Mwezi Februari 1946 mwanadiplomasia George Kennan, aliyekuwa katika ubalozi wa Marekani mjini Moscow, aliipelekea serikali yake ujumbe mrefu wa simu, na mwaka 1947 akaifafanua rai yake katika makala. Kwa ufupi alishauri kwamba Urusi isiingiwe vitani wala isiachiwe itanuke, bali izuiwe kwa subira ya miaka mingi mpaka udhaifu wake wa ndani uimalize. Tarehe 12 Machi 1947 Rais Harry Truman alilihutubia Bunge la nchi yake, akaomba dola milioni 400 za kuzisaidia Ugiriki na Uturuki. Laiti angeishia hapo, lingekuwa jambo la nchi mbili. Lakini aliifanya kuwa kanuni: Marekani itayasaidia mataifa huru yanayopinga kutiishwa kwa nguvu. Ahadi hiyo haikuwekewa mpaka wa ardhi wala wa wakati. Aprili 1950 waraka wa siri uliojulikana kwa jina la NSC-68 ukaikamilisha fikra hiyo kwa kudai kwamba kushindwa mahali popote ni kushindwa kila mahali. Mwenye kuamini hivyo hana tena vita asivyohusika navyo.

Korea

Haikuchukua muda. Korea ilikuwa imegawanywa mwaka 1945 katika mstari wa latitudo ya 38, kaskazini chini ya ulinzi wa Wasovieti na kusini chini ya Wamarekani. Tarehe 25 Juni 1950 majeshi ya Kaskazini yaliuvuka mstari huo. Truman akapeleka majeshi chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, bila Bunge lake kutangaza vita.

Septemba 1950, baada ya majeshi kuteremshwa Inchon, wavamizi walirudishwa nyuma. Lengo la kuzuia lilikuwa limetimia. Lakini ushindi ukatia tamaa, majeshi yakauvuka mstari kuelekea kaskazini mpaka karibu na mpaka wa China, na China nayo ikaingia vitani. Vita ambavyo vingeweza kwisha ndani ya miezi michache vikaendelea hadi tarehe 27 Julai 1953, na mstari wa kusimamisha mapigano ukawekwa karibu na pale pale palipoanzia ugomvi. Wamarekani zaidi ya 36,000 walikufa, na Wakorea, wengi wao raia wasio na silaha, walikufa kwa mamia ya maelfu. Mkataba wa amani haujatiwa saini mpaka leo.

Kete za dhumna

Tuje Vietnam. Tarehe 2 Septemba 1945 Ho Chi Minh alitangaza uhuru wa Vietnam kutoka kwa Wafaransa, na tangazo lake alilifungua kwa kuyataja maneno ya tangazo la uhuru wa Marekani la mwaka 1776. Alikuwa mkomunisti, hapana shaka, lakini wananchi wengi waliomfuata walitaka kwanza kumwondoa mkoloni. Washington iliuona ukomunisti wake, haikuuona ukoloni aliokuwa akipigana nao, ikabeba sehemu kubwa ya gharama za vita vya Wafaransa mpaka waliposhindwa Dien Bien Phu mwezi Mei 1954.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Rais Dwight Eisenhower alitoa mfano mashuhuri. Nyote mnazijua kete za dhumna: zikisimamishwa mfululizo, ukiiangusha ya kwanza huangusha zote. Ndivyo alivyosema nchi za Asia zitakavyoanguka. Mfano huo ni rahisi kuufahamu, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwani watu si kete. Kila umma una historia yake, ugomvi wake na jirani zake. Kwa miwani hiyo hiyo hata Zanzibar ilitazamwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, maafisa wa Marekani wakahofia itageuka kuwa Cuba ya Afrika.

Mkutano wa Geneva wa mwaka 1954 uliigawa Vietnam kwa muda na kuahidi uchaguzi wa kuiunganisha mwaka 1956. Serikali ya Kusini, ikiungwa mkono na Marekani, iliukataa uchaguzi huo kwa kuchelea kwamba wakomunisti wangeshinda. Walioingia vitani kwa jina la uhuru walianza kwa kuzuia kura. Washauri wa kijeshi wa Marekani, ambao mwaka 1960 hawakufika 1,000, walikuwa takriban 16,000 mwishoni mwa mwaka 1963.

Habari isiyohakikishwa

Ndugu zetu, sasa tumefika kwenye kiini cha mada. Tarehe 2 Agosti 1964 boti za Vietnam ya Kaskazini ziliishambulia manowari ya Marekani, Maddox, katika Ghuba ya Tonkin. Siku mbili baadaye ikaletwa habari kwamba kumetokea shambulio la pili. Kamanda wa msafara huo, John Herrick, alituma ujumbe siku ile ile akiitilia shaka habari hiyo, akataja hali mbaya ya hewa, na akashauri ichunguzwe kikamilifu kabla ya kuchukua hatua nyingine. Huyu hakuwa Muislamu, lakini alilolishauri ndilo lile lile tunaloliita tabayyun, yaani kuhakikisha.

Hakusubiriwa. Usiku huo huo Rais Lyndon Johnson alitangaza kwamba ndege zinakwenda kushambulia. Tarehe 7 Agosti Bunge likampa idhini ya kutumia nguvu, kwa kura 416 bila ya kupingwa katika Baraza la Wawakilishi na kwa kura 88 dhidi ya 2 katika Seneti. Machi 1965 askari wa miguu waliteremka Da Nang, na kufikia mwaka 1969 walikuwa zaidi ya 500,000. Mwaka 2005 ulitolewa hadharani uchunguzi wa mwanahistoria wa Shirika la Usalama wa Taifa la nchi hiyo hiyo, uliobainisha kwamba shambulio la tarehe 4 Agosti halikutokea.

Madhara yake yanajulikana. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa, na kwa hesabu iliyotolewa na serikali ya Vietnam mwaka 1995, raia waliouawa walikaribia milioni 2, mbali na wapiganaji. Tarehe 30 Aprili 1975 Saigon ikaanguka. Je, kete zilianguka? Laos na Kambodia, zilizokuwa zimeburutwa ndani ya vita hivyo, ziliangukia mikononi mwa wakomunisti. Thailand, Malaysia na Indonesia hazikuanguka. Na mwaka 1979 China ya kikomunisti iliivamia Vietnam ya kikomunisti. Adui aliyedhaniwa kuwa mkono mmoja alikuwa na vidole vinavyogombana.

Kisha majuto. Robert McNamara, waziri wa ulinzi aliyeviongoza vita hivyo kwa miaka mingi, alikiri katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba walikosea vibaya. Yalikuwa majuto ya mzee wa karibu miaka 80, na makaburi yalikwishajaa.

Waliosimama

Si wote waliofuata mkumbo. Maseneta Wayne Morse na Ernest Gruening ndio waliopiga zile kura mbili za hapana. Kennan mwenyewe, aliyeitoa rai ya kuzuia, alisimama mbele ya kamati ya Seneti Februari 1966 akapinga jinsi ilivyokuwa ikitumika Vietnam. Na tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, bingwa wa ngumi Muhammad Ali alikataa kuandikishwa jeshini kwa sababu ya itikadi yake. Wakati huo alikuwa katika kundi la Nation of Islam, kabla ya kuifuata njia ya Sunna mwaka 1975. Alinyang'anywa ubingwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 5, akawa nje kwa rufaa lakini akazuiwa ulingoni kwa zaidi ya miaka 3. Juni 1971 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliifuta hukumu yake.

Na sisi je?

Tusije tukatoka hapa tukiwacheka wengine. Uvamizi wa Wasovieti nchini Afghanistan, Desemba 1979, ulikuwa dhulma, na Waafghani walikuwa na haki ya kuitetea ardhi yao. Lakini aliyewapa silaha alikuwa na hesabu yake dhidi ya hasimu wake. Wasovieti walipoondoka Februari 1989 na dola yao kuporomoka mwaka 1991, mfadhili alikunja mkeka wake, silaha zikabaki, na tangu mwaka 1992 makundi yaliyopigana bega kwa bega yaliubomoa mji wa Kabul kwa makombora yao wenyewe. Mwaka 2003 tuliona tena mlango ule ule: Iraq ilivamiwa kwa habari ya silaha za maangamizi ambazo hazikuonekana.

Na humu misikitini mwetu? Mtu huja na ujumbe wa simu kwamba kundi fulani linakuja kuuteka msikiti, au kwamba sheikh fulani ametumwa. Nani ameuliza? Nani amemwendea huyo sheikh akamsikiliza? Tumewahi kuona jamaa wa damu moja wakinyimana salamu kwa jambo ambalo hakuna aliyelihakikisha. Na kijana wetu akiitwa kwenda kupigana vita vya nchi ya mbali, akaambiwa kwamba dini itaanguka asipokwenda, azikumbuke kete za dhumna, na awaulize wazazi wake na wenye elimu kabla hajafunga safari. Suratul Israa, aya ya 36, inatukumbusha tusiyafuate tusiyo na elimu nayo, kwani masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa.

Hofu ni mlinzi mzuri wa mlango, lakini akikabidhiwa nyumba ataichoma kwa kumtafuta mwizi. Basi tuihakikishe habari kabla ya kutenda, tujue mpaka wa kila ahadi tunayoitoa, na tusimnyamazishe anayesema ngojeni kwanza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) atuoneshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, atuoneshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka. Wabillahi taufiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.