Mchumi Asiye Huru Hawezi Kumhesabia Mnyonge
(Hotuba iliyotolewa Shela, Lamu)



Nimetakiwa nizungumzie chama cha kitaifa cha wanazuoni wa uchumi. Pengine mtauliza: chama cha walimu wa vyuo vikuu kinatuhusu nini sisi watu wa mashua na nyavu?

Utazameni mchanga ulio nyuma ya kijiji hiki. Mvua inyeshapo, mchanga huyapokea maji, huyachuja na kuyahifadhi, na mji wa Lamu hunywa kutoka visima vyake. Kiwanja kikiuzwa juu ya mchanga huo, bei hujulikana siku hiyo hiyo. Lakini gharama ya kisima kitakachoingia chumvi haiandikwi katika hati ya mauzo; italipwa na mama mwenye ndoo. Kuifichua gharama hiyo na kuitangaza ndiyo kazi ya mchumi.

Mfano wa pili uko Kwasasi, ulikopangwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Tarehe 26 Juni 2019, baraza la kitaifa la kuamua mashauri ya mazingira liliifuta leseni yake, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ushindi ule uliletwa na wana wa Lamu wenyewe. Je, ni wachumi wangapi wa vyuo vyetu waliosimama hadharani kuwafafanulia, kwa Kiswahili, hesabu za mradi ule?

Msomi hanyamazi kwa ujinga. Mara nyingi hunyamaza kwa kuhofia riziki yake. Wachumi wa Marekani waliunda chama chao mwaka 1885. Mwaka 1900 mchumi Edward Ross aliondolewa katika Chuo Kikuu cha Stanford kwa sababu ya maneno yake hadharani. Si yote aliyoyasema yaliyokuwa mema. Mengine yalikuwa ya ubaguzi dhidi ya wahamiaji kutoka Asia. Hata hivyo, wachumi wenzake waliokutanika katika mkutano wa chama chao waliteua kamati ya kulichunguza jambo hilo. Ross hakurudishwa kazini, lakini Edwin Seligman, aliyeiongoza kamati ile, alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha maprofesa wote wa Marekani mwaka 1915.

Nasi tunayo historia yetu. Mwaka 1982 Kenya ilifanywa kwa sheria nchi ya chama kimoja, na mwaka huo huo wahadhiri walitiwa kizuizini, akiwamo Alamin Mazrui, mwana wa Pwani. Mwaka 1991 vyama vingi vya siasa vilirudi. Lakini wahadhiri walipogoma mwaka 1993 wakidai chama chao, UASU, kiandikishwe, walikataliwa. Kiliandikishwa mwaka 2003. Hapo pana funzo: nchi yaweza kuwa na vyama vingi vya kuomba kura, na bado ikaogopa chama kimoja cha wenye elimu.

Katiba ya mwaka 2010 imelinda uhuru wa taaluma katika ibara ya 33 na uhuru wa kujumuika katika ibara ya 36. Basi chama cha wachumi tukidai mambo matatu. Kwanza, kimtetee mwanachama anayeonewa kwa kusema, hata kama wenzake hawakubaliani naye. Pili, kila mchumi anayeusifu mradi aeleze ni nani aliyemlipa. Tatu, hesabu za umma zifafanuliwe kwa lugha ya umma. Kisiwe mpambe wa serikali wala wa upinzani.

Nanyi wa makanisa na misikiti, msiyaachie mabaraza ya Nairobi mazungumzo haya. Waiteni wachumi waje, wakae mkekani, waulizwe.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la nchi ni letu sote. Na lifunguliwe.