Kaseti usiitupe bado

Wiki hii nataka tuzungumze habari ya muziki uliomo kwenye simu zetu, hasa ule tunaoutoa kwenye kaseti za zamani.

Utaratibu uliozoeleka ni huu. Mtu anawasha redio kaseti, anaiweka simu mbele ya spika, anarekodi, na wimbo ukiisha kaseti inakwenda jalalani. Wimbo si uko kwenye simu? Uko, ndiyo. Lakini uko pamoja na jogoo wa jirani na mlango uliobamizwa, na mara nyingi simu yenyewe imekwisha kuupunguza.

Kupunguza huku si uchawi. Sauti ya kwenye CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde, nayo hula megabaiti kama 10 kwa dakika. MP3, mtindo uliopewa jina hilo mwaka 1995 huko Ujerumani, huishusha dakika hiyo hadi megabaiti 1 hivi, kwa kipimo cha kilobiti 128 kwa sekunde. Hutupa kile ambacho sikio halitakipata: ngoma ikilia kwa nguvu, mlio mdogo ulio karibu nayo hufunikwa, basi huo hutupwa. Ni akili kubwa, sina ugomvi nayo. Ndani ya daladala tofauti haisikiki, na anayejidai anaisikia humo ananichekesha.

Ila kilichotupwa hakirudi. Zamani kila tuliponakili kaseti kwa kaseti sauti ilififia. Faili haiko hivyo: ukiinakili kama ilivyo, kadi hadi kadi, hata mara mia, haipungui. Inayopungua ni ile inayogeuzwa. Video ya mtandaoni imegeuzwa kuwa MP3, MP3 hiyo imekatwa na kuhifadhiwa upya kwa kipimo kidogo zaidi, na kila hatua kuna kilichotupwa. Matoazi ndiyo huumia kwanza. Badala ya kulia yanachuruzika kama maji ya bomba. Kisha utamsikia mtu akikuambia ameupandisha wimbo kutoka kilobiti 64 hadi 320. Huko ni kuongeza maji kwenye mchuzi: sufuria imejaa, nyama ni ile ile.

Wimbo wa bendi maarufu ukiuharibu, utaupata kwingine. Lakini katika nyumba nyingi ipo kaseti isiyo na mwenzake duniani: harusi ya mwaka 1986, taarabu iliyorekodiwa ukumbini, marehemu babu akighani utenzi. Hiyo ukishaipunguza na kuitupa, basi imekwenda.

Kwa hiyo ifanyie kazi. Safisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba yenye spiriti, ukiache kikauke. Peleka sauti kwenye kompyuta kwa waya kutoka tundu la hedifoni, si kwa kupitia hewani. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Angalia kipimo cha sauti kisigonge mwisho, maana sauti iliyopasuka haishoneki. Hifadhi kwa WAV, au kwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kutupa kitu. Kaseti ya dakika 90 kwa WAV ni megabaiti kama 950, na kadi ya gigabaiti 32 hubeba zaidi ya 30 za namna hiyo, kwa hiyo kisingizio cha nafasi kimekwisha. Weka nakala mbili, mahali pawili. Baada ya hapo ndipo utoe MP3 ya kilobiti 192 au 256 kwa ajili ya simu, uichezee upendavyo.

Andika na jina: nani anaimba, wapi, mwaka gani. Wanaojua ni wazee, waulize sasa. Kaseti yenyewe irudishe kwenye kasha lake, mbali na jua na mbali na spika kubwa, kwa sababu sumaku ya spika si rafiki wa utepe.