Kura na Mtungi wa Maji



Mihadhara ya uchaguzi kwa kawaida humhusu aliyepiga kura. Leo nataka tumzungumzie aliyebaki nyumbani. Agosti 9, 2022 zaidi ya theluthi moja ya Wakenya waliojiandikisha hawakuonekana vituoni. Hapa Mombasa waliojitokeza hawakufika hata nusu ya daftari. Miaka mitano kabla ya hapo, Agosti 2017, nchi nzima ilikuwa imekaribia asilimia 80. Hawa waliobaki nyumbani wanayajua makaratasi sita ya kura na rangi zake, na wengine wao waliwahi kupanga foleni tangu saa kumi alfajiri. Kuwaita wavivu, au kusema wanakosa elimu ya uraia, ni kukimbia swali lao. Ukiwauliza watakwambia: ashinde huyu ashinde yule, mimi kesho nitaamkia shida ile ile.

Nadai kwamba kauli hiyo ni ushahidi, na ushahidi hupimwa. Una kweli nyingi ndani yake, na pana mahali unapokosea.

Tuanze na unga, maana ndipo mwananchi anapoanzia. Julai 2022, zikiwa zimebaki wiki tatu tu twende debeni, serikali ilitangaza kwamba pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ishuke kutoka shilingi 205 hadi 100. Mahali pengi unga huo wa mia ulikuwa habari ya redioni tu, dukani haukuonekana. Ruzuku yenyewe ilikuwa ya majuma machache. Rais mpya aliapishwa Septemba 13 na siku hiyo hiyo akasema ruzuku za chakula na mafuta ni gharama isiyobebeka. Kesho yake petroli jijini Nairobi ikapanda kutoka takriban shilingi 159 kwa lita hadi 179. Aliyebaki nyumbani Agosti alikuwa na haki ya kucheka.

Lakini tumtendee haki hata rais. Bei ile ya unga haikuwa ya kura peke yake. Mvua zilikuwa zimekosekana misimu kadhaa mfululizo, vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha ngano na mbolea duniani, na shilingi ilikuwa inateremka. Alichoweza mshindi kukiamua kwa kalamu yake ni bei ya mbolea ya ruzuku: gunia la kilo 50 likawekwa shilingi 3,500, na mwaka uliofuata 2,500. Faida ya mbolea huonekana baada ya mavuno, na kufikia wakati huo hakuna anayeihusisha na karatasi aliyoitumbukiza sandukuni. Hasara ya uchaguzi huja siku ya pili. Faida yake, ikija, huja imechelewa na bila jina.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mji huu unaijua habari hii kwa mabega yake.

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, Mombasa imechagua gavana mara tatu. Kila mara maji yalikuwa kwenye ahadi, na kila mara mkokoteni wa mitungi umebaki mlangoni. Je, wapiga kura walidanganywa? Kwa sehemu. Ila tazameni maji yenyewe yanatoka wapi. Mzima Springs iko Tsavo, Kaunti ya Taita Taveta, na bomba lake lilijengwa zama za mkoloni. Baricho iko Kilifi. Marere na Tiwi ziko Kwale, na bwawa la Mwache, ambalo ndilo tumeambiwa litatukomboa, nalo liko Kwale. Kisiwa chetu hakina chanzo kikubwa hata kimoja kilicho ndani ya mipaka ya kaunti yake. Maji ya jumla huletwa na shirika la ujenzi wa miradi ya maji la Pwani, ambalo ni la serikali ya kitaifa. Kampuni ya maji ya kaunti huyanunua na kuyasambaza, na ugomvi wa madeni kati ya pande hizo mbili ni wa miaka. Hapo bado hujataja mabomba ya zamani yanayovuja, wala miunganisho ya wizi, wala wale wanaopata riziki nono kwa sababu bomba ni kavu.

Kwa hiyo mama wa Likoni anayelipia mtungi hana ofisi moja ya kuishtaki kwa kura yake. Gavana atamwonyesha Nairobi, Nairobi itamrudisha kaunti, na zile kaunti jirani zitauliza kwa nini wenyeji wa karibu na chemchemi wakae na kiu ilhali bomba linapita uani kwao. Swali lao ni halali kabisa. Lakini hakuna mgombea wa Mombasa atakayelisema jukwaani, kwani wapiga kura wa Kwale hawako kwenye daftari lake.

Basi mtu akisema matokeo hayajaleta maji, amesema kweli. Kosa huanza anapopanua kweli hiyo iwe kanuni ya kila kitu.

Desemba 2002 Wakenya walimpa Mwai Kibaki na muungano wa NARC ushindi mkubwa. Januari 2003 karo ya shule ya msingi ikafutwa. Katika mwaka huo mmoja wanafunzi zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani, na Januari 2004 Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, akavaa sare ya shule na kukaa darasa la kwanza kule Eldoret. Madarasa yalijaa kupita kiasi, walimu hawakutosha, na michango ya pembeni ilirudi kwa majina mapya. Sitaki mtu aniambie baadaye kwamba nilipamba. Lakini wapo ndani ya ukumbi huu watu wazima ambao, kama si Januari ile, wasingekuwa wakinisikiliza leo. Waulizeni kama uchaguzi umewahi kubadilisha maisha yao. Wengi watasema hapana! Wameishi ndani ya badiliko hilo kiasi kwamba hawalioni tena.

Ni nini kiliwezesha kufutwa kwa karo na kikayashinda maji? Aliyeahidi kuondoa karo, aliyeshika hazina na aliyewaamuru walimu wakuu walikuwa serikali moja. Ahadi, fedha na amri vilikaa chini ya dari moja. Kwenye maji vimetawanyika katika ofisi tatu na kaunti nne. Huu ndio msimamo wangu, na naukabidhi kwenu muupinge mkitaka: kura hubadilisha maisha pale tu ambapo ofisi inayopigiwa kura inashika kitu chenyewe kinachoahidiwa. Mwananchi mwenye shaka ameshalihisi hili. Hakuna aliyemfafanulia ofisi ipi inashika nini, na wanasiasa wanaishi vizuri sana ndani ya ukungu huo. Gavana anaahidi usalama wakati polisi si wake. Mbunge anaahidi kuchonga barabara za mtaa, ambazo Katiba ya 2010 imeziweka kwa kaunti. Mgombea urais anafunga safari kutoka Nairobi kuja kuahidi soko la samaki.

Kuna hoja moja nzito inayobaki upande wa mwenye shaka. Juni 2024, chini ya miaka miwili baada ya uchaguzi, vijana waliingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Juni 25 wakafika ndani ya Bunge. Juni 26 Rais akatangaza hatautia saini. Makumi ya watu walipoteza maisha katika wiki zile. Wengi waliniuliza kama siku chache za barabarani hazikufanya kazi kubwa kuliko kura milioni 14. Kuuzuia mswada, ndiyo. Lakini Desemba mwaka huo baadhi ya hatua za kodi zilirudi katika sheria nyingine, zikapita Bungeni kwa utulivu. Barabara inaweza kuzuia. Kuandika sheria hubaki kazi ya wale waliokalia viti, na viti hujazwa kwa kura. Na bei waliyolipa vijana wale haipaswi kuwa ada ya kawaida ya kusikilizwa.

Napenda kumalizia mahali pasipo na mvuto wa kampeni. Katika karatasi zile sita, tunayoibishania hadi usiku wa manane ni ya rais. Ile ya mwakilishi wadi wengi huipigia kwa ujamaa au kwa fulana. Ilhali zahanati, chekechea, soko, taka na barabara ya mtaani viko kaunti, na bunge la kaunti ndilo linalopitisha fedha zake. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimeonyesha mara kwa mara kaunti zisizofikia kiwango hicho. Nimekaa katika vikao vya kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Viti vya mbele hujazwa na watumishi wa kaunti, kisha soda hugawiwa, kisha karatasi ya mahudhurio hupitishwa na kuwa ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Makadirio ya bajeti ya kaunti huwasilishwa katika bunge la kaunti kila mwaka kufikia Aprili 30. Nawaomba, hasa nyinyi mlioapa kutopiga kura tena, mkayadai makadirio hayo kwa karani wa bunge hilo, mtafute mstari wa wadi yenu, na mumuulize mwakilishi wenu kwa nini uko hapo au haupo. Akikosa jibu, mtakuwa mmepata sababu ya kweli ya kupanga foleni.