Kitabu chetu tutakiandika sisi wenyewe

Vijana wenzetu wa Masisi na Walikale,

Mwaka 1894 Mjerumani mmoja, Von Götzen, alifika ziwa Kivu, akapenya pori letu kuelekea mto Kongo. Mwaka uliofuata kitabu chake kilitoka. Mwaka 1901 akawa gavana wa Wajerumani Dar es Salaam. Aliandika kwanza, akatawala kisha.

Lumumba naye alikuwa karani wa posta Stanleyville, Kisangani ya leo, kule barabara ya Walikale inaelekea. Aliandika juu ya Kongo mbele awe Waziri Mkuu. Kitabu kilitoka 1961, yeye ameisha kuuawa.

Na sisi? Bazee wanaojua nani alilima wapi, nani alipokea nani, wanafia kambini chini ya shitingi. Pale hakuna kitabu, kila mwenye bunduki anatuuzia historia yake, na sisi tunauana juu yake.

Tuna madiplome, kazi hatuna, lakini wakati tunao. Kila mmoja anunue kaye moja. Aulize bazee wa kabila zote, siyo wa kwao tu. Aandike majina, vijiji, miaka. Tuanze wiki hii.