Stesheni Iliyonyamaza: Msamiati wa Reli ya Kaskazini



Momela haijapata kuwa na reli. Sisi tuliokulia huko, kwenye mteremko wa Mlima Meru unaoelekea maziwani, tulilijua gari la moshi kwa masimulizi tu. Marehemu bibi yangu, alipokuwa akishuka kwenda Arusha, alikuwa akisema anakwenda “stesheni”, hata kama haja yake ilikuwa ni sokoni. Kwake yeye mji ulianzia pale reli ilipokomea. Ni neno hilo lililonifanya niichague stesheni ya Arusha kuwa mada ya mhadhara huu.

Historia yenyewe kwa ufupi ni hii. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, na mwaka 1911 ikafika Moshi, umbali wa kilomita 352. Arusha ilingoja mpaka mwaka 1929, chini ya Waingereza. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya uongozi mmoja; Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na kipande chake. Barabara ya lami ilikwisha kuwanyakua abiria. Hatimaye treni za abiria zikakoma kufika Arusha, na kwa takriban miaka 30 stesheni ilinyamaza, nyasi zikiota kati ya mataruma.

Hapo kwenye mataruma naomba tutue kidogo. Kwa watu wa pwani, taruma ni ule ubavu wa chombo cha baharini unaoshikilia mbao zake. Atazamaye mifupa ya jahazi lisilokwisha kuundwa, kisha akatazama njia ya reli kabla haijamwagiwa kokoto, hatashangaa neno lilivyohama. Behewa nalo lilikuwa ni ukumbi au ua wa ndani wa nyumba ya mawe kabla halijafungiwa magurudumu. Gari lilitujia kutoka Bara Hindi, tukaliongezea moshi wetu wenyewe. (Mwanafunzi asidhani kwamba mji wa Moshi ulipewa jina kwa ajili ya treni, Mangi Rindi wa Moshi alifariki mwaka 1891, kabla ya reli kuanza kujengwa.)

Upande wa pili yapo maneno ya Kiingereza: reli, treni, stesheni, tikiti, gadi, stesheni masta. Swali ambalo limenisumbua ni hili: Wajerumani waliishika njia hii kwa miaka 23, hadi walipoondolewa kaskazini mwaka 1916. Wametuachia shule, wametuachia hela kutokana na sarafu yao ya Heller. Mbona hawakutuachia hata neno moja la reli linalotumika leo?

Jibu jepesi ni kwamba Waingereza walikaa zaidi. Halinitoshelezi. Naona sababu kubwa ni kwamba utawala wa Kijerumani uliendeshwa kwa Kiswahili kupitia maakida na makarani waliosomea Tanga. Bwana alimwagiza mtumishi kwa Kiswahili, na mtumishi akakitafutia kitu kipya jina miongoni mwa vitu vya kwao. Dhana yangu, nami naiita dhana tu, ni kwamba taruma na behewa ni mabaki ya tabaka hilo la kwanza, na kwamba Kiingereza kilikuja juu yake kwa njia ya Mombasa, hasa baada ya reli ya Voi kuunganishwa na ya Tanga pale Kahe wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Dhana hii haiwezi kupimwa kwa kamusi pekee. Kamusi hutupa neno la ofisini. Haitupi neno la kibarua aliyepigilia misumari, wala la mtia makaa. Hao ndio waliokuwa na msamiati, na walistaafu stesheni ikiwa imefungwa, bila vijana wa kuurithi. Sisi wanaisimu tulikuwa tukijadili istilahi za maabara huku wao wakizikwa. Nasema “sisi” kwa makusudi, kwa maana nami nilipita mbele ya stesheni ile mara nyingi bila daftari.

Mwezi Oktoba mwaka 2020 treni ya abiria ilifika tena Arusha kutoka Dar es Salaam. Umati uliojitokeza kuilaki ulisema treni. Mwaka 2024 ikaanza ile ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na garimoshi, ambalo lilikwisha kupoteza moshi wake tangu enzi za dizeli, likazidi kusukumwa pembeni. Lakini huko Momela, nilipowapelekea habari za mwaka 2020, mzee mmoja aliniuliza: “Gari la moshi limerudi? Na gadi wake ni nani sasa?”

Nilimjibu kwamba sijui. Safari hii nililitoa daftari, nikamwomba anieleze gadi alikuwa akifanya kazi gani.