Kuomba Masomo ya Masta Nje ya Inchi: Tuanze na Karatasi

Maneno ya memba wanaofanya kazi katika ONG, yaliyosomwa mbele ya kikao cha Jumamosi

Wandugu memba, wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana mliosimama kule mlangoni, ingieni, fasi ingali iko. Komite ilituomba sisi tunaofanya kazi ya tereni tuseme kidogo juu ya kuomba masomo ya masta kwenye vyuo vikuu vya nje. Tunajua kwa nini swali limekuja sasa. Mezani kuna maombi matatu ya mkopo kutoka kisanduku chetu, na yote matatu ni ya mtoto anayetaka kwenda kusoma. Basi tutasema makuta na karatasi, na kisha memba wataamua.

Tuanze na lile linaloumiza watu. Barua ya admisio si bursi. Chuo kinaweza kukuandikia kwamba kimekukubali, barua ikawa ya kweli kabisa, na bado huna franga moja ya kwenda. Angalia Ujerumani. Vyuo vingi vya serikali kule havidai ada kubwa, watu wakasikia neno "bure". Lakini kabla ya viza mwanafunzi anapaswa kuonyesha pesa za kuishi mwaka mzima, na njia ya kawaida ni konti iliyofungwa yenye euro 11,904, ambazo atapewa kidogo kidogo kila mwezi. Nani hapa anazo? Tumeona familia iliyouza shamba la mihogo na mashini ya kusaga juu ya barua ya namna hiyo. Komisioneri alichukua chake, akafunga simu. Na barua haikuwa ya uongo! Haikuwa na pesa nyuma yake tu.

Bursi yenyewe haikuombi pesa ili upeleke dosye. Chevening ya Uingereza haidai malipo. ARES ya Ubelgiji haidai. Mtu akikwambia leta dola hamsini "za kufungua dosye ya bursi", mpe chai, umsindikize.

Sasa vijana wasikilize vizuri. Chevening inalipia masta ya mwaka mmoja, na inataka mtu mwenye saa 2,800 za kazi, ni kusema karibu miaka miwili. Dirisha lake kwa kawaida hufunguka mwezi wa nane na kufungwa mwezi wa kumi. Programu za DAAD za mambo ya maendeleo nazo zinataka miaka miwili ya kazi, na diploma isiyopita miaka sita. ARES ni ya Kifaransa, na Kongo iko kwenye orodha ya inchi zake. Mnaona? Hawa hawatafuti mwanafunzi aliyevua toga jana. Wanatafuta mtu aliyefanya kazi. Ile miaka tuliyozunguka na daftari tukihesabu kaya za waliorudi, tukigawa mbegu, tukikaa chini ya mwembe na watu wawili wanaogombea shamba moja, ile njo mali yetu. Lakini wengi wanaona aibu kuiandika. Wanaandika "mimi ni kijana mwenye bidii na upendo kwa inchi yangu". Msomaji wa kule amesoma sentensi hiyo mara mia kabla ya saa sita. Andika kijiji, andika kaya ngapi, andika shauri lilikwama wapi na ulifanya nini. Kisha useme unataka kusoma nini ili shauri kama lile lisikwame tena. Hayo hakuna mwingine anayeweza kuyaandika fasi yako.

Tuje kwenye karatasi, na hapa tutakawia, juu sisi tuliorudi tuko na ugonjwa wetu: majina. Kule Tanzania afisa wa kambi aliandika jina la kwanza, la baba, la babu. Kwenye diploma ya Leta kuna jina, postinomu na prenomu. Karti ya elekteri ikaja na mpango wake, na herufi moja ikapotea njiani. Tarehe ya kuzaliwa, wengi wetu tulipewa 1 Januari, kana kwamba mama zetu wote walipanga siku. Hapa nyumbani hakuna anayejali, tunajuana. Lakini biro ya admisio inaweka paspoti karibu na diploma, inaona watu wawili, inaweka dosye pembeni. Mara nyingine hata hawakwambii kwa nini.

Shauri letu ni hili: paspoti ifuate diploma. Diploma ni ngumu sana kubadilishwa. Paspoti mtu anaitafuta sasa. Kama huna hati ya kuzaliwa, nenda tribinali uombe hukumu inayosimama fasi ya hati hiyo, na majina yaandikwe herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye diploma. Kisha ndipo uende kwa paspoti. Hatusemi mtu ajipunguzie miaka mbele ya jaji, hapana. Bei ya paspoti uulize biro yenyewe siku ile, maana inabadilika: mwaka 2015 ilipanda mpaka dola 185, baadaye ikashuka 99.

Releve nazo. Asilimia 62 kwetu ni Satisfaksio, mtu anasherehekea. Kule wanaweza kuona mwanafunzi dhaifu. Omba aparitora ikuandikie karatasi fupi inayoeleza kwamba kwa kipimo chetu cha zamani Satisfaksio inaanza 50, Distinksio 70, Grande Distinksio 80. Ieleze pia kwamba lisansi ya zamani ilikuwa miaka mitano, mitatu ya gradua na miwili juu yake, si sawa na lisansi ya miaka mitatu ya mpango mpya wa LMD. Mwenye gradua peke yake asitupe pesa kwa masta bila kuuliza kwanza, vyuo vingi haviikubali. Na tangu vita vifike Goma na Bukavu mwanzo wa 2025, yeyote mwenye karatasi zake kule azitafute, azipige skana, azitume kwa watu wawili anaowaamini.

Kiingereza tutasema haraka. IELTS inapita dola 200, na matokeo yake yanadumu miaka miwili tu, usikimbilie kuifanya mapema. Ya Duolingo ni rahisi zaidi na inafanywa nyumbani, lakini inataka kompyuta yenye kamera na intaneti isiyokatika, na si kila chuo kinaikubali. Tumesoma kwa Kifaransa tangu kambini. Kwa nini tusianze na milango ya Kifaransa?

Kuna neno lingine linalozunguka. UNICORE, ile ya vyuo vya Italia, ni kwa wenye hadhi ya ukimbizi. Aliyerudi hayumo. Tunasikia watu wanawashauri vijana wavuke ziwa tena, wajiandikishe upya kambini ili waipate. Wazazi, kateni mashauri hayo. Tunajua sote kambi inakula miaka mingapi ya mtu.

Kuhusu kisanduku, tunaomba hivi. Kisilipe komisioneri, kisilipe ada ya shule ya mtu aliyepata admisio bila bursi. Kikopeshe kwa hukumu ya tribinali, paspoti, tafsiri ya karatasi na mtihani wa lugha, kwa aliye na memba wawili wa kumdhamini. Na binti aombe sawasawa na kijana. Maombi matatu yaliyopo mezani yote ni ya wavulana, na tunawajua wasichana wenye Distinksio.

Mzee mmoja ametuuliza pembeni: akienda, atarudi? Chevening inamtaka arudi inchini mwake angalau miaka miwili, imo kwenye masharti. Kwa bursi nyingine, mdhamini atabaki na deni, kwa hiyo achague vizuri nani anamsimamia.

Walio na diploma leo kwenye mifuko wabaki baada ya kikao. Tutakaa meza ile ya dirishani, tulinganishe majina na karti zenu kabla jua halijazama, maana taa hakuna.