Umejuaje? Swali Tunalowafundisha Madaktari wa Kesho

Maneno yaliyotolewa kwenye chakula cha hisani cha wana-Muheza waishio Dar es Salaam



Nimeombwa nieleze kwa nini mwaka huu, pamoja na mabati na madawati, tunachangia kompyuta na vifurushi vya intaneti kwa vijana wetu wanaosomea udaktari. Mzee mmoja hapo mlangoni ameshaniuliza: siku hizi mgonjwa anatibiwa kwa intaneti? Swali ni halali, na jibu lake liko kwetu, hospitali ya Teule.

Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali, mikono na miguu ikiwa ya baridi, atundikiwe dripu ya haraka, maji mengi kwa muda mfupi. Lilionekana jambo la akili kabisa. Ila halikuwa limepimwa sawasawa katika hospitali kama zetu, zisizo na vyumba vya wagonjwa mahututi. Kati ya 2009 na 2011 watafiti wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland walilipima kwa watoto 3,141 katika hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania. Ya Tanzania ilikuwa Teule. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa maji ya haraka, wengine dripu ya taratibu tu, na matibabu mengine yakawa sawa kwa wote. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka walifariki kati ya 10 na 11. Ambao hawakupewa, walifariki 7. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake.

Ninapofundisha wodini, matokeo hayo siyataji kwanza. Nawauliza wanafunzi: mtoto huyu ungempa nini, na umejuaje? Wengi hujibu, "Daktari bingwa alisema." Basi nawapa makala yenyewe waisome. Ni watoto gani walioingizwa? Walilinganishwa na nani? Kilichohesabiwa ni vifo, au ni homa kushuka tu? Halafu linakuja swali linalowatoa jasho: mgonjwa aliye mbele yako anafanana na wale? Maana utafiti ule haukuwachukua watoto wa kuharisha wala wenye utapiamlo mkali. Mwanafunzi akitoka hapo anasema "dripu ni mbaya", kesho atamnyima maji mtoto wa kipindupindu, naye atamfia mikononi. Kwa hiyo tunarudi kwenye ukurasa, hata mara tatu.

Teule hiyo hiyo ilishiriki utafiti uliochapishwa 2010, uliolinganisha sindano za kwinini na artesuneti kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika. Kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, kwa artesuneti 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake kwa watoto. Wazazi wa Muheza waliokubali watoto wao washiriki wamo ndani ya mwongozo huo, ingawa majina yao hayakuandikwa popote.

Sasa, majarida ya namna hii vyuo vyetu vinaweza kuyapata kupitia mpango wa Hinari, ulioanza 2002. Lakini kijana asiye na kompyuta anasoma jedwali la kurasa mbili kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kifurushi kinakwisha katikati, anarudi kwenye "bingwa alisema". Simlaumu.

Kamati inapendekeza kompyuta mpakato moja kwa kila vijana wawili kuanzia mwaka wa tatu, wanapoingia wodini, na kifurushi cha mwezi hadi wahitimu. Asiye na fedha taslimu leo aandike ahadi; kadi ziko mezani na Mhazini anapita sasa hivi.